Nivo ya Tatu si ya Benye Diplome

Faida, mama,

Salamu ulizipata wakati wa kula, sina zingine za kukuandikia. Nakuita mama juu uko na jina la mama yangu, si juu ya heshima. Heshima kati yetu iliisha siku ile ulinifundisha kutumia simu mbele ya bageni.

Mambo ya sabuni, ya chumvi, ya kufunga mulango na ya kusali, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho ku bichi, pale boti ya Kalemie inapopakia, atarudilia yote kama vile uko kiziwi. Mi sitaongeza kitu. Mi nataka kukuandikia juu ya mapango. Cheka kwanza, halafu soma. Utaikuta hii barua mu mufuko wa samaki ba ndagala, na ikinuka usinilaumu. Barua za bakubwa nazo zinanuka, ni vile tu banazipaka marashi.

Juzi tulikuwa tunakula, simu yako ikalia. Alikuwa Solange, yule rafiki yako wa Lubumbashi mwenye utaenda kukaa kwake. Anaandika kwamba ukifika tu, yeye na barafiki zake batakupeleka kutembea mu mapango pamoja na gidi, yaani yule muntu unamulipa akuongoze mahali ambapo hata popo anaingia juu hana nyumba. Kuna nivo tatu, ngazi za ugumu, anasema, uchague yako mapema. Ulitusomea kwa sauti. Ya kwanza, unatembea umesimama, unaangalia mawe, unarudi. Ya pili, unainama, unapita mu maji ya magoti, unapanda kidogo kwa kamba. Ya tatu, unatambaa kwa tumbo mu njia nyembamba mpaka unatokea upande mwengine ukiwa muntu mupya. Njo maneno yao hayo, muntu mupya. Kama ni vile, panya wa jikoni mwetu anakuwa mupya kila asubuhi.

Bantu ba Lulimba banaingia mu mashimo juu ya dhahabu. Banaweza kufia mule, lakini ukibauliza sababu, iko. Ninyi munalipa kuingia shimoni, munatoka na matope, na munasema asante. Lakini acha, kila kizazi na wazimu wake. Kilichonikamata si pango, ni jibu lako. Mama yako alikuuliza utachukua nivo gani, na we ukajibu bila hata kumeza:

"Ya tatu, mama. Mi niko na diplome ya leta, sekondari nzima. Nichukue ya kwanza kama mutoto wa primeri?"

Nilicheka mpaka bugali ikapita njia mbaya. Ukanuna, ukafikiri nakucheka we. Nilikuwa nacheka damu yetu. Ile jibu hukuitoa kichwani mwako, uliirithi kwangu pamoja na haya masikio.

Hapa kwetu ukisema nivo, muntu anasikia shule. Banakuuliza nivo yako ku biro, banakuuliza siku ya posa, na hata ku kilio hakukosi muzee mumoja wa kuuliza marehemu alifika nivo gani, kama vile kule anakoenda kuna mutihani wa konkuru. Sasa gidi akisimama mbele ya pango akasema nivo moja, mbili, tatu, nani atakubali kukalishwa na primeri? Kila muntu anaona benchi. Hakuna anayeona jiwe.

Na mi niliona benchi. Ile mwaka we ulikuwa ungali unanyonya. Kijana mumoja, tumuite Dodo juu jina lake amelibadilisha mara nyingi, alirudi kutoka ng'ambo ya ziwa na kofia ngumu za plastiki, taa za kufunga ku kipaji cha uso, na miwani nyeusi ambayo hakuivua hata mu pango. Hiyo peke yake ingetosha kunifundisha. Muntu anayeingia gizani na miwani nyeusi, unamufuata wapi? Nilimufuata. Alisema kule Ubwari kuna pango ambayo bazungu batakuja kuitafuta, na sisi ba kwanza tutakuwa bashahidi. Tukapanda boti ya mjomba wako Alimasi, Alimasi mwenyewe ku usukani, mi, mama yako na bamama bengine, na baimbaji babili ba kwaya benye balikuja juu ya picha.

Unamujua Alimasi wa leo, yule muzee wa kukohoa ku mulango wa duka. Huyo simuongelei. Namuongelea Alimasi wa wakati ule, mwenye mabega ambayo bantu ba Swima balisimama ku mwambao kuyaangalia akivuta wavu. Bibi zao ba ndoa balisimama mbele zaidi. Alikuwa anaingia mu nyumba kwa upande, si juu mulango ulikuwa mudogo, ni juu alipenda tuone kwamba ni mudogo.

Tukafika ku mudomo wa pango. Dodo akatupanga mustari, akaanza ku mi juu nilionekana muzee.

"Papa, nivo yako?"

Nikajibu kwa adabu, kama muntu anayeulizwa ku biro. "Darasa la tano. La sita niliangalia ku dirisha."

Bakacheka, Faida. Baimbaji bakacheka kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, vile banavyoimba. Alimasi alicheka mpaka akashika jiwe. Mama yako alificha mudomo nyuma ya kichwa chako, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Dodo akafafanua, nivo ni ya pango, papa, si ya shule. Alikuwa amechelewa, moto ulikuwa umekwisha kuniwakia usoni. Nikasema tatu. Nilisema tatu na tumbo hili hili, wakati ule lilikuwa jipya, mama yako alikuwa anajivunia kwamba njo kazi yake. Alimasi akasema na yeye tatu, sisi si batoto. Baimbaji bangesema nini? Tatu.

Dodo alifurahi kama muganga aliyepata mugonjwa tajiri. Hakuangalia tumbo langu. Hakupima mabega ya Alimasi na njia. Hakuuliza nani analala na dirisha wazi juu ya kukosa hewa, nani aliwahi kuvunjika goti, nani ameshiba kupita kiasi. Aliuliza nivo, akapewa nivo, bei ya nivo ikaingia mufukoni. Mama yako na bamama balichukua ya kwanza. Baliingia bamesimama, bakaona popo, bakamutukana popo juu ya harufu, bakatoka, bakaketi ku jiwe na kula viazi. Njo safari ya pango yenye akili kushinda zote nilizozisikia.

Sisi bapumbavu tukaingia. Dodo mbele, Alimasi nyuma yake, halafu mi, halafu baimbaji. Mwanzo tulitambaa kwa magoti, tunataniana. Halafu njia ikakataa magoti, tukalala kwa tumbo. Halafu utani ukaisha wenyewe, hakuna aliyeuzima. Nguvu ya ziwa ni ya kuvuta, mama, na pango haivutwi. Mule ndani yale mabega yalikuwa muzigo ambao Alimasi hana mahali pa kuutua. Mbele yangu niliona nyayo zake tu, na nyayo zikasimama.

"Kuna nini, shemeji?"

"Napumzika."

Muntu hapumziki vile. Vidole vya miguu vilikuwa vinakwangua udongo kama kuku. Nikasikia Dodo kule mbele, amekwisha kupita, mwembamba kama fimbo ya mwalimu: "Kuraje, mujipe moyo, bapapa. Tuko pamoja." Na taa yake ikapinda kona, ikaenda.

Unalijua hili neno, umelelewa nalo. Muntu anakuacha barabarani na mizigo yako, anapiga teke moto, ile pikipiki yake, anasema tuko pamoja. Mukubwa anakuja kuona nyumba zilizobebwa na maji, anafunga kioo cha gari, tuko pamoja. Mi sikuwahi kulisikiliza mpaka ile siku nimelala na jiwe ku mugongo na jiwe ku tumbo, hewa imekuwa nzito kama uji, na mwenye kulisema anaenda na taa. Njo nikaelewa kwamba ni neno la mwenye anaondoka. Mwenye anabaki hana haja ya kulisema, unamuona.

Nyuma yangu baimbaji bakaitika, tuko pamoja, kama vile bako mu misa. Kila nilipovuta hewa tumbo lilijaa na jiwe likanibana zaidi. Nikangoja Alimasi aseme, yeye njo alikuwa na mabega, yeye njo alikuwa na boti. Nikangoja baimbaji, bako na sauti ya bure. Basi nikasema mi, na ilitoka kama sauti ya mbuzi:

"Mi siwezi."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu mumoja akasema, hata mi, papa. Mwenzake akasema yeye alishindwa tangu kule kwa magoti. Na kule mbele, sauti ndogo sana ikatoka mu mwili mukubwa sana:

"Shemeji, na mi siwezi. Lakini usimwambie dada yangu."

Nilimwambia kabla hatujapanda boti.

Ona sasa. Banaume banne bamelala mustari mumoja kama ndagala ku mukeka, kila mumoja anajua kwamba hawezi, na kila mumoja anangoja mwengine awe mupumbavu wa kulisema. Bangengoja mpaka lini? Bangekufa na adabu yao. Ilihitaji muntu wa darasa la tano, juu yeye hakuwa na kitu kingine cha kupoteza, balikuwa bamekwisha kumucheka ku mulango.

Tulirudi kinyumenyume, kila muntu anapokea nyayo za mwenzake usoni. Alimasi njo alikuwa kazi. Nilimwambia atoe hewa yote kama vile anapuliza moto wa kuni, mukono mumoja aunyooshe mbele, mwengine aulaze ku mbavu, halafu nikavuta miguu. Kwanza suruali ilikuja yenyewe, yeye akabaki. Nikavuta tena, na yeye akaifuata suruali yake. Tulipotokea ku mwangaza, mama yako alimutupia kitenge bila kuacha kutafuna. Dodo alitokea upande mwengine, muntu mupya, akatukuta tunakula viazi vilivyobaki. Akasema shida yetu ni kukosa mazoezi. Miwani ilikuwa ingali usoni.

Hii hadithi tumeicheka miaka yote, na we umeicheka, ulikuwa unaniomba niirudilie pale pa suruali. Sikuwahi kukuambia kipande kimoja. Mi nilikuwa na kifua kizima. Kama ningekuwa na kile chako, mama yako angekuwa ameketi ku lile jiwe na vile viazi mpaka leo.

Umenuna tena. Najua, kifua hakiongelewi. Wiki iliyopita tulienda Fizi kumuaga shangazi yako, moto ikashindwa ku mupando, tukamaliza kwa miguu. Ku kona ya kwanza ulisimama, ukasema unafunga kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa sandali. Ku kona ingine ukasema unaangalia ziwa, na ziwa lilikuwa nyuma ya mulima. Mbele kidogo ukajibu simu ambayo haikulia, ukamwambia huyo muntu wa hewa kwamba utampigia baadaye. Mi nilikungoja kila mara, nikijifanya nakojoa. Muzee mwenzangu aliyepita akanipa pole ya ugonjwa wa sukari.

Shangazi akakuuliza kama umechoka. Ukasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha, Faida.

Najua ilianzia wapi. Darasani balikuona na ile dawa ya kupuliza mudomoni, bakakuita Pompe, na kutoka siku ile ulijifunza kukohoa kama vile unacheka. Mama yako akianika samaki ku moshi, unatoka inje unacheka. Bageni banasema, Faida iko na furaha. Mi peke yangu hapa nyumbani najua kicheko ni kipi na kifua ni kipi, na Lubumbashi hakuna muntu hata mumoja anayejua. Solange umemwandikia kwamba uko mugumu, unapanda milima ya Fizi kama mbuzi. Nilisoma. Usiache simu wazi karibu na muntu uliyemufundisha kuitumia.

Leo wakati wa kuweka ndagala niliiona ile pompe yako chini kabisa ya sanduku, umeifunga mu kitenge kama kitu cha kuiba. Pale chini ingekusaidia nini? Uko umelala mu njia nyembamba, pumzi imekatika, na dawa iko Lubumbashi mu sanduku, inalinda heshima ya viatu.

Sikuambii usiende. Nikikuambia usiende utachukua nivo ya nne, bataitengeneza kwa ajili yako. Enda. Lakini ukifika ku mudomo wa pango, mbele ya bote, mwambie gidi, mi niko na kifua. Halafu nyamaza, umuangalie usoni. Akisema kuraje, rudi kula viazi. Akisema hakuna shida, rudi mbio. Akijisifu kwamba hakuna muntu amewahi kushindwa kwake, huyo ni muongo, ao balioshindwa bangali bamebaki mule ndani. Lakini akianza kukusumbua kwa maswali, kifua kilikubana mara ya mwisho lini, dawa iko mufuko gani, njia ya kurudi ni ile ile ao ni ingine, na akakuweka karibu naye, bote bafuate mwendo wa pumzi yako, basi pengine ni gidi. Na umuulize na we, mara ya mwisho alimurudisha nani, na juu ya nini. Gidi mwenye hajawahi kumurudisha muntu ni dereva asiye na breki, na miwani nyeusi juu yake.

Nivo yako haiko ku diplome. Mi nimeipima ku mupando wa Fizi, bila kofia ya plastiki. Nivo yako inaishia pale ambapo unaacha kugombana nami. Ukiwa unapanda na unanijibu vibaya, uko salama, endelea. Ukinyamaza ukawa mutoto wa adabu, si adabu, ni pumzi imeisha. Pale kwa adabu njo usimame. Leo nivo hiyo ni ya kwanza. Mwakani ukipanda vizuri inaweza kuwa ya pili, sijui, mapango hayaendi kokote, yanangoja bapumbavu bila haraka.

Solange atasema ya kwanza ni ya bamama ba viazi. Mwambie ni kweli, na viazi vilikuwa vitamu. Kama rafiki yako anakupenda tu ukitambaa, huyo alitaka mujusi.

Kesho ku bichi bote batakupungia mukono. Mama yako, Alimasi, mpaka bauzaji ba ndagala benye hawajui hata jina lako, bote batakuambia tuko pamoja. Mi nitanyamaza, na utafikiri nimekasirika juu ya mambo ya juzi. Sijakasirika. We utakuwa kule, mi nitakuwa huku, na jiwe likikubana sitakuwa ku miguu yako kuvuta. Hatuko pamoja, mama. Njo maana nataka ujifunze lile neno mapema, ukiwa ku boti, uso umeuelekeza ku maji, juu maji hayajui kukuita Pompe. Sema, mi siwezi. Sema kwa sauti. Sema tena mpaka liache kukuchoma mudomo, halafu utaona ni bantu bangapi nyuma yako balikuwa banangoja uliseme.

Pompe nimeitoa mu kitenge. Iko mu mufuko wa koti lako, ule wa mbele, upande wa mukono wa kuume. Usiirudishe chini.

Papa yako,
darasa la tano, mwenye alitoka